Taji la Mke Mwenzangu

Mke mwenzangu ana miaka sita, anaogopa mende, na Jumatatu moja alirudi nyumbani mbio akaniambia kwamba Ijumaa anavishwa taji.

Ngoja kwanza nieleze hilo la uke wenza, msije mkanifikiria vingine. Ni mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu. Siku alipozaliwa mume wangu alimpakata akasema, "Huyu ndiye mke wangu wa kweli. Yule mzee alikuwa anamshikia nafasi tu." Tangu hapo nyumba yetu ina wake wawili. Tunagombea mume, tunagombea kiti cha karibu na redio, na vijembe tunapigana asubuhi mpaka jioni. Majirani wamempa jina la Kipaza kwa sababu sauti yake hufika kona ya pili kabla yeye mwenyewe hajatoka mlangoni. Anaongea akila, anaongea akioga, na usingizini anaongea vilevile.

Lakini siku hizo Kipaza alikuwa amepoa. Alitafuna upande mmoja, akinywa maji ya baridi anakunja uso, akicheka anaweka kiganja mdomoni. Gego lake moja la chini, upande wa kulia, lilikuwa limeoza na kufanya shimo la kuingia kichwa cha kiberiti. Nikamwambia mama yake: mpeleke mtoto kwa daktari, usingoje. Mimi njia hiyo naijua. Enzi zetu jino lilikuwa na dawa moja tu, nayo ni koleo. Ukilia linang'olewa, ukinyamaza linang'olewa. Leo hii sina gego hata moja, natafuna kwa meno ya mbele kama sungura, na mume wangu akitaka kuniudhi huniuliza kama nitapenda karoti. Sikutaka mjukuu wangu afike huko, na nilikuwa naogopa kweli kweli.

Basi binti yangu akampeleka Jumatatu, siku yake ya mapumziko. Yeye ni mwokaji kwenye kiwanda cha mikate na zamu yake huanza alfajiri. Mimi nilibaki kwenye cherehani yangu nikishona kola za sare za shule. Mara nikasikia mlango unapigwa teke.

"Bibi! Bibi! Ijumaa navishwa taji!"

"Taji gani, wewe?"

"Taji! La kung'aa! Daktari amesema mwenyewe. Amesema kama la malkia!"

"Malkia wa nini?"

"Wa meno!"

Nikasimamisha cherehani. Nikafikiri: kumbe hawa watu wa meno wana mashindano yao ya watoto, na mjukuu wangu, na lile shimo lake, amewashinda wote. Nikajiuliza hali ya hao wengine ikoje. Lakini nani anakataa ushindi? Nikamnyanyua juu nikamzungusha mpaka kiuno kikanikumbusha umri wangu.

Binti yangu akaingia nyuma yake, macho mekundu kwa usingizi. Nikamuuliza kama ni kweli.

"Ni kweli, Mama. Ijumaa saa tatu anawekewa taji. Mimi nitakuwa kazini, utampeleka wewe." Akavua viatu hapo hapo mlangoni. "Ila tafadhali, mtayarishe vizuri. Asije akatutia aibu tena."

Akaenda kulala. Yeye kwa kusema "mtayarishe" alikuwa na maana nimtulize, nizungumze naye taratibu, asiogope kiti cha daktari. Mimi ni fundi cherehani. Ukiniambia nimtayarishe mtoto anayevishwa taji, nakwenda kutafuta kitambaa.

Nikapata cheupe, kilichobaki kwenye mapazia ya mteja mmoja mwenye madirisha mengi. Nikamkatia gauni lenye mikono ya kuvimba na sketi ya kuzunguka, nikaliwekea utepe kiunoni. Kipaza alisimama juu ya kigoda nikimpima, hatulii, anajigeuza kama kuku aliyeona punje. Kazi za wateja nikaziweka kando. Mama mmoja alikuja kuulizia kola zake, nikamwambia tuna malkia ndani, arudi wiki ijayo.

Siku iliyofuata tukaenda kwa msusi wa mtaa wa pili. Kipaza alikaa kitini akaanza kutoa maagizo.

"Dada, hapa juu uniachie nafasi. Taji likae lisianguke."

"Taji?" Msusi akanitazama kwenye kioo.

"Anatawazwa Ijumaa," nikamwambia, na sikumwambia kwa sauti ndogo.

Msusi akapagawa. Akaacha wateja wawili wanangoja, akamsuka nywele zikazunguka kichwa chote na kumwachia uwanja katikati, safi, laini, kiasi cha kuweka sahani. Hakutaka malipo. Alitaka tu mtoto apitishwe pale dukani Ijumaa akirudi, naye alione taji kwa macho yake.

Shuleni nako habari zilifika. Mwalimu wake akawaambia watoto wampigie makofi. Mume wangu ni kinyozi, naye alimweleza kila aliyekaa kwenye kiti chake, na mtu mwenye wembe shingoni hana namna ila kusikiliza. Fundi viatu wa pale kona alinisugulia viatu vyangu vya sikukuu bure. Mimi mwenyewe, nawaambia wazi, nilikuwa na furaha kuliko mtoto. Usiku nilikuwa nalala natabasamu. Maisha yangu yote nimeshonea watu wengine magauni ya siku zao kubwa, na sasa siku kubwa ilikuwa imeingia kwangu.

Alhamisi alasiri binti yangu alirudi kutoka kazini, unga bado umemganda kwenye nyusi. Kipaza alikuwa nje anacheza. Akaliona gauni limening'inia juu ya cherehani.

"La nani hili, Mama? Limependeza."

"La nani tena? La mwanao, la kesho."

"Kesho wapi?"

"Kwenye taji lake!"

Binti yangu akalitazama gauni, akanitazama mimi, akalitazama gauni tena. Kisha akakaa chini sakafuni, akaanza kucheka. Alicheka mpaka machozi yakachora mistari kwenye unga. Mimi nimesimama tu, sielewi, nimeshika mkasi.

"Mama," akasema alipopata pumzi, "taji ni la jino."

"La jino nini?"

"Ni kofia, Mama. Kikofia cha chuma kinachong'aa, kinafunika lile gego bovu. Madaktari wa meno ndivyo wanavyokiita, taji."

Nikakaa na mimi. Nilitamani kucheka lakini kicheko hakikuja. Nilikuwa naona mtaa mzima mbele ya macho yangu, na msusi, na mwalimu, na ule uwanja katikati ya nywele.

Ndipo akanisimulia ya Jumatatu. Kipaza alikataa katakata kufungua kinywa. Alilia mpaka watu wa mapokezi wakasimama. Daktari alipojaribu kumgusa mdomo, akamng'ata kidole. Daktari, mwanamke mpole, akapuliza kidole chake akasema kama anajisemea, "Basi, na jino lenyewe nilikuwa nataka kulivika taji." Mtoto akanyamaza. "Taji? La kung'aa?" La kung'aa. "Kama la malkia?" Kama la malkia. Na kinywa kikafunguka chenyewe. Daktari akaangalia, akapachika vipira viwili vidogo katikati ya meno ili kutengeneza nafasi, akasema warudi Ijumaa.

"Ungekuwa wewe ungemsahihisha?" binti yangu akaniuliza. Sasa hakuwa anacheka. "Daktari amesema uozo haujafika kwenye mshipa. Likifunikwa kesho limepona. Tukichelewa ni kung'oa, na jino hilo linatakiwa likae mpaka afike miaka kumi na kitu, kwa sababu ndilo linalolishikia nafasi jino la ukubwani. Likitoka mapema, mengine yanahamia pale na kupandana. Mama, kesho lazima afungue kinywa."

"Na akifungua akakuta hamna taji la kichwani?"

"Atakuwa ameshafungua."

"Mara hiyo moja. Na lile gego la kushoto ulilosema nalo linaanza kuoza? Na kesho kutwa, na mwaka ujao? Atamfungulia nani kinywa huyo?" Hasira zilinipanda nikasahau kwamba nilikuwa na mkasi. "Mmemvika mtoto kilemba cha ukoka!"

Wakati huo mume wangu akaingia kutoka dukani kwake. Alipoelezwa, akasema lipo suluhisho. Atamtengenezea mke wake mdogo taji la karatasi ya kung'aa, alivae kichwani, na daktari afanye yake huko mdomoni bila mtu kujua.

"Uongo mmoja umetosha," nikamwambia. "Usimletee na pacha wake."

"Basi nani atamwambia ukweli?"

"Mimi."

"Lini?"

"Nitaona," nikasema.

Jioni ile sikuthubutu. Asubuhi nayo haikunipa mwanya. Kipaza aliamka kabla ya jogoo yeyote, akavaa gauni, akakataa kukaa chini lisijikunje. Tulipotoka nje, majirani walikuwa milangoni. Fundi viatu alipiga nyundo kwenye kiatu kama ngoma. Msusi alitoka na kitana mkononi akamkagua nywele, akarudisha unywele mmoja mahali pake, akasema, "Nenda, malkia." Mtoto alikuwa anatembea shingo wima, anagawa salamu kulia na kushoto. Kila nilipofungua mdomo kusema, mtu mwingine alipiga makofi.

Kwenye mapokezi kulikuwa na viti vya plastiki vilivyounganishwa, na picha kubwa ya kinywa ukutani. Mwanamume mmoja alikuwa ameshika shavu. Mama mmoja alikuwa ananyonyesha.

"Mgonjwa ni nani?" akauliza dada wa mapokezi.

"Hakuna mgonjwa," akajibu Kipaza. "Ni mimi, nimekuja kutawazwa."

Yule dada akacheka, wengine wakacheka, naye akadhani wanamfurahia. Hapo ndipo nikaona siwezi kungoja zaidi. Nikamvuta kwenye kiti cha pembeni.

"Mke mwenzangu, nina neno. Usinikatize."

"Sema."

"Lile taji ni dogo."

"Dogo kama nini?"

"Kama punje ya hindi."

Akafikiri. "Sasa litakaaje kichwani?"

"Haliendi kichwani. Linavaliwa na jino. Lile bovu."

Mkono wake ukapanda taratibu mpaka kichwani, ukapapasa ule uwanja alioachiwa na msusi. Kisha akafunga kinywa, midomo ikapotea kabisa. Kipaza kunyamaza ni jambo la kutisha, waulizeni wote wanaomjua.

"Mama alijua?" akauliza mwishowe, bila kufungua meno.

"Alijua."

"Babu?"

"Tangu jana."

"Na wewe?"

"Na mimi tangu jana. Kabla ya hapo nilijua kama ulivyojua wewe. Unafikiri gauni hili nilishona la kumvisha gego?"

Akageuka kunitazama vizuri. "Na wewe ulidhani la kichwani?"

"Nilidhani la kichwani. Nikamwambia msusi, nikamwambia fundi viatu, nikamfukuza na mteja."

"Na wewe ni mkubwa!"

"Na mimi ni mkubwa. Tazama, nimevaa na viatu vya sikukuu."

Akaviangalia viatu vyangu vilivyosuguliwa. Akaniangalia usoni. Pembe ya mdomo wake ikaanza kucheza.

"Tumekuwa wajinga wawili," akasema.

"Wajinga wawili, mume mmoja."

Akacheka. Alicheka bila kuweka kiganja, shimo lote nikaliona. Nami nikacheka kile kicheko kilichokwama tangu jana, mpaka mwanamume aliyeshika shavu akatuonea wivu. Nilipomaliza nikamwambia la pili. Nikamwambia akitaka turudi nyumbani tutarudi, na maswali ya mtaa nitayajibu mimi. Lakini kwanza aone. Nikafungua kinywa changu pale pale mbele ya watu.

"Chungulia huko nyuma. Unaona nini?"

Akachungulia, akaingiza na kidole. "Hamna mtu."

"Yalianza kuuma hivyo hivyo kama lako."

"Hawakuyavika mataji?"

"Mataji hayakuwepo."

"Hata moja?"

"Hata moja."

Akakitoa kidole, akakifuta kwenye gauni jipya. "Twende tukalione," akasema. "Kuliona tu. Sijasema nakubali."

Daktari alikuwa amevaa kofia ya kitambaa yenye picha za samaki, na kwenye kidole cha shahada plasta ndogo. Nilimwendea na maneno yangu tayari mdomoni.

"Daktari, hapa wamesimama watu wawili walioambiwa taji wakaja na gauni."

Akamtazama mtoto: gauni, utepe, nywele, ule uwanja katikati. Akanitazama na mimi mpaka viatuni. Hakucheka, na kwa hilo nitampenda mpaka nife. Akachuchumaa, macho yake yakawa sawa na ya Kipaza.

"Kosa ni langu," akasema. "Nilipaswa kukuonyesha siku ile ile. Nilifurahi mno umefungua kinywa, nikasahau. Unanisamehe?"

"Kwanza nilione," akasema Kipaza.

Daktari akasimama, akafungua kabati, akatoa kisanduku. Alipofunua kifuniko, mimi na mke mwenzangu tuliinama pamoja mpaka vichwa vikagongana. Jamani! Yalikuwa mengi. Yamejipanga safu kwa safu, kila moja kwenye kijumba chake, yanameta kama vijiko vipya. Na hayakuwa vipande vya chuma tu. Kila taji lilikuwa na sura ya gego lenyewe, na vilima vyake vidogo na mabonde yake, limetengenezwa kwa ustadi hata fundi kama mimi nikapumua kwa wivu. Mengine ya kulia, mengine ya kushoto, ya juu na ya chini, kila saizi na namba yake, kama viatu dukani.

"Yote haya ya nani?" Kipaza alinong'ona. Sikuwahi kumsikia akinong'ona.

"Ya watoto. Hili hapa ni la kuonyeshea tu." Daktari akalichukua moja akalivika kwenye ncha ya kidole kidogo cha mtoto. Likamkaa. Kipaza akainua kidole juu kwenye mwanga, akakizungusha huku na huku.

"Na wadudu wanaolila jino?"

"Tunawafungia ndani. Hawapati chakula tena, wanalala njaa mpaka wanakwisha."

"Vizuri," akasema kwa ukatili. "Walinisumbua sana. Na sindano?"

"Hakuna."

"Na ile mashine inayovuma?"

"Leo hatuitumii. Mimi naliweka taji mlangoni tu. Kulivaa unalivaa wewe mwenyewe, kwa kuuma."

Macho yakamtoka. "Niume?"

"Kwa nguvu zako zote." Daktari akainua kidole chake chenye plasta. "Na nguvu zako nazijua."

Hapo tukacheka sote, na msaidizi wa daktari naye. Kipaza akajipandisha kitini bila kushikwa, akatandaza gauni lake pande zote, akaegemea, akafungua kinywa. Alikifungua chote. Nilisikia machozi yananijia nikayakatalia, maana nilitaka kuona.

Daktari akapitisha uzi, akavitoa vile vipira viwili vya buluu. Akajaribu taji la kwanza, likapwaya. La pili likabana mno. La tatu akalishika, akalipima juu ya jino, akatikisa kichwa kwa furaha kama mimi ninavyofanya kifungo kinapokubali tundu lake. Akalijaza gundi nyeupe, akaliweka mahali pake, akalikandamiza kwa kidole, akakitoa haraka. Hakutaka kurudia mambo ya Jumatatu.

"Sasa! Uma!"

Kipaza akauma. Uso ukakunjamana. Linabana, na daktari alikuwa amemwambia litabana. Mkono wake ukanitafuta, ukanishika kidole gumba, ukakifinya.

"Bado kidogo! Uma!"

"Uma, mke mwenzangu!" nikajikuta napiga kelele. "Liume! Uma kama mtu amemchukua babu!"

Akauma kwa hasira za mke aliyechukuliwa mume. Kikasikika kitu, tak, kidogo tu, lakini sote wanne tulikisikia.

"Limeingia!" daktari akasema, na yeye alikuwa anapiga kelele. "Limeingia lote! Endelea kuuma, pamba hii hapa, usiachie!"

Mimi nikapiga vigelegele. Sikuomba ruhusa. Kule mapokezi yule mama anayenyonyesha akadakia bila kujua ni vya nini, na dada wa mapokezi akapiga makofi. Kipaza amelala kitini, ameuma pamba yake, chozi moja linashuka kwenye sikio, na macho yanacheka. Daktari alikuwa anafuta gundi iliyozidi, akimwonya kwamba ni chungu, asiimeze.

Kisha akampa kioo. Kipaza akavuta shavu, akatazama ndani. Akatazama muda mrefu.

"Limekaa," akasema.

Daktari akatueleza kwamba siku chache atahisi jino hilo linagusana na lenzake la juu kabla ya mengine, halafu litazoea. Ataliswaki kama meno mengine yote. Na akifika miaka kumi, kumi na moja, jino litalegea na kutoka lenyewe, taji likiwa bado kichwani mwake.

"Kwa nini litoke na limeshavikwa taji?"

"Kwa sababu kazi yake ni kulishikia nafasi jino la ukubwani linalokuja chini yake. Likifika, hili linaondoka."

Kipaza akanigeukia, uso umemng'aa. "Kama wewe, bibi! Babu anasema na wewe unashikia nafasi!"

Daktari hakuelewa, nami sikuwa na nguvu za kumweleza. Nilikuwa nashughulika na leso yangu.

Nje ya lango mume wangu alikuwa anatungoja. Alikuwa amefunga duka, na mgongoni ameficha kitu, na sisi wake zake tunamjua: lilikuwa lile taji la karatasi ya kung'aa. Hakuweza kujizuia. Kipaza akalipokea, akaligeuza, akapapasa ule uwanja juu ya nywele zake. Nikadhani atalivaa, na ningemwelewa.

"Inama, bibi," akaniambia.

Nikainama. Akanivika mimi.

"Wewe vaa hili la nje," akasema. "Langu liko ndani."

Basi tukaingia mtaani hivyo, mzee mmoja na wake zake wawili, mkubwa na taji la karatasi kichwani. Msusi akatoka mbio. "Liko wapi? Liko wapi?" Kipaza akasimama katikati ya njia, akafungua kinywa, akaonyesha kwa kidole. Msusi akachungulia, akaruka. Fundi viatu akaja na miwani yake. Majirani wakapanga foleni, mmoja mmoja wanainama mbele ya mtoto kama watu wanaosujudu, na yeye anawaelekeza, anawaambia wasogee juani waone vizuri, anawaeleza habari za wadudu waliofungiwa, sauti yake yote imerudi. Hakuna aliyekumbuka kuuliza la kichwani.

Tulipofika nyumbani alikaa kwenye kiti cha karibu na redio, nami sikukigombea. Akanivuta sikio.

"Likitoka nitakupa wewe," akaninong'oneza. "Uliweke huko nyuma kusipo na mtu."

"Miaka hiyo ni mingi, mke mwenzangu. Mimi mzee."

Akanikazia macho. Kwa ulimi alikuwa analigusa taji lake, shavu linapanda na kushuka.

"Basi usiende popote," akasema. "Shikia nafasi."

Nikamwambia nitashikia.